Kilichomfika mtoto kupitia kwa mama: UVIKO-19 katika ujauzito

Ndugu mgeni rasmi, ndugu wauguzi na wakunga wa wodi za wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kina mama na kina baba mliofika na watoto wenu:

Nimeombwa nizungumze juu ya virusi vya korona na mtoto mchanga katika siku hii ya tarehe 17 Novemba, ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, na ningependa nieleze kwanza kwa nini mambo hayo mawili yanakaa katika hotuba moja. Tulipoanza kusikia habari za ugonjwa huu mwanzoni mwa mwaka 2020, swali lililotushika wodini lilikuwa moja tu: je, virusi vitavuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni? Tuliogopa kumpokea mtoto akiwa amekwisha kuugua. Swali hilo lilitushughulisha kiasi kwamba hatukuuliza mengine kwa bidii ileile, ilhali madhara mengi yaliyomfika mtoto hayakuhitaji virusi viingie mwilini mwake. Yalimfikia kupitia kwa mama yake: katika mapafu ya mama, katika damu ya mama, katika kondo la nyuma, na, nasema hili kwa masikitiko, katika maamuzi tuliyoyafanya sisi tuliopewa dhamana ya kuwahudumia wote wawili.

Swali la kwanza limepata jibu, na nitalisema kwa ufupi. Virusi vinaweza kuvuka kondo. Mwezi Julai 2020 madaktari wa Ufaransa walieleza kwa ushahidi kamili kisa cha mtoto aliyezaliwa karibu na Paris mwezi Machi mwaka huo, ambaye virusi vilionekana katika kondo, katika maji ya uzazi na katika damu yake mwenyewe. Lakini visa vya namna hiyo ni vichache sana. Watafiti walipokusanya taarifa za vichanga zaidi ya 14,000 waliopimwa baada ya kuzaliwa na mama wenye maambukizi, walikuta kwamba chini ya 2 kati ya kila 100 ndio waliokuwa na virusi, na baadhi yao waliambukizwa baada ya kuzaliwa, kwa hewa na mikono ya watu waliowazunguka. Wengi wa vichanga hao walioambukizwa hawakuugua sana. Mama aliyepata korona akiwa mjamzito na bado analala na hofu kwamba alimpa mwanawe ugonjwa tumboni anastahili kuambiwa hivyo, kwa lugha hiyohiyo nyepesi.

Sasa nije kwa mama. Mwanamke mwenye mimba kubwa hupumua kwa nafasi ndogo kuliko alivyozoea, kwa sababu tumbo la uzazi husukuma juu kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, wakati huohuo mwili wake ukihitaji oksijeni zaidi kwa kuwa anapumua kwa niaba ya watu wawili. Damu yake huganda kwa wepesi zaidi, jambo ambalo Mungu amelipanga ili asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua, lakini linakuwa hatari anapopatwa na ugonjwa ambao nao unagandisha damu. Kinga yake nayo imebadilika ili isimshambulie mtoto. Mtu wa namna hiyo akipata nimonia ya virusi anakuwa na akiba ndogo sana ya kupambana nayo, na akiba hiyo ikiisha, anayeishiwa pamoja naye ni mtoto, kwa maana mtoto hana pumzi nyingine isipokuwa ile inayoletwa na damu ya mama yake.

Hayo yalionekana wazi katika utafiti mkubwa ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na kuchapishwa mwezi Aprili 2021, uliofanyika katika hospitali 43 za nchi 18, zikiwamo Nigeria, Ghana na Misri. Waliwafuatilia wajawazito 706 wenye UVIKO-19 na kuwalinganisha na wengine 1,424 wasio na ugonjwa waliokuwa wakihudumiwa katika hospitali zilezile na kwa wakati uleule. Kati ya wale 706 walifariki kina mama 11. Katika kundi lile la pili, ambalo lilikuwa kubwa maradufu, alifariki mmoja. Hatari ya dalili za awali za kifafa cha mimba ilipanda kwa asilimia 76, na hatari ya kujifungua kabla ya wakati kwa asilimia 59. Watoto wao nao walikuwa na uwezekano wa kupata matatizo makubwa baada ya kuzaliwa unaozidi mara mbili na nusu ule wa watoto wengine. Ninyi mnaofanya kazi katika wodi ya watoto njiti mnaelewa takwimu hizo bila kufafanuliwa. Mnazijua kwa sura: mapafu yasiyofunguka, mwili unaopoa dakika chache tu ukiachwa wazi, manjano, maambukizi yanayoingia kwa urahisi, mdomo usiojua bado kunyonya na kumeza. Watoto wengi walifikishwa hapo na korona hali hawana kirusi hata kimoja mwilini. Wengine walitolewa mapema kwa upasuaji kwa sababu mama hakuweza tena kupumua akiwa nao tumboni, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini gharama yake aliilipa mtoto kwa wiki nyingi za maisha yake ya mwanzo.

Kuna watakaosema kwamba hizo ni habari za nchi nyingine. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini katika mwaka wa kwanza wa janga uliangalia wanawake waliolazwa, na ulionyesha kwamba mjamzito mwenye korona alikuwa katika hatari ya kufia hospitalini iliyo kubwa zaidi kuliko ile ya mjamzito aliyelazwa bila korona. Tanzania haikuwa katika utafiti huo. Tena kuanzia mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 takwimu za wagonjwa hazikutangazwa nchini, kwa hiyo yaliyowapata wajawazito wetu katika miezi hiyo tunayajua kwa kumbukumbu za wodi zetu na za familia zao kuliko kwa hesabu zilizochapishwa. Mimi naamini kwamba mapafu ya mjamzito wa Tanga hayatofautiani na ya mjamzito wa Kampala au Goma.

Naomba nikae kidogo kwenye kondo la nyuma, kwa sababu hapo ndipo palipotufundisha zaidi, na ndipo ninapoona watu wengi hawajasikia. Kondo lina vijitawi vidogo mno vinavyoelea katika damu ya mama, na oksijeni na chakula huvuka kupitia utando mwembamba unaovifunika. Kwa baadhi ya wajawazito, si wengi, virusi vya korona viliingia katika utando huo na kuua seli zake. Seli za kinga za mama zikaja kwa wingi na kujazana katika nafasi ambayo damu ilipaswa kupita. Kisha fibrini, ile protini inayogandisha damu kwenye kidonda, ikaziba pengo lililosalia. Wataalamu wa nchi 12 waliokusanya visa 68 vya watoto waliozaliwa wafu au kufariki mara baada ya kuzaliwa, ambao kondo zao zilikuwa na virusi, walikuta kwamba kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo ilikuwa imeharibika. Watoto hao walikosa oksijeni. Walikuwa kama watu waliofungiwa chumbani hewa ikipungua taratibu, na nje ya mlango hakuna aliyejua.

Jambo la kuumiza katika visa hivyo ni kwamba baadhi ya kina mama hawakuwa wagonjwa mahututi hata kidogo. Walipata mafua, homa ya siku mbili tatu, wakaendelea na shughuli, na ishara ya kwanza kwao ilikuwa mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa hiyo ninapowaambia wakunga kwamba mjamzito aliyepona korona asikie kila siku mtoto anavyocheza, na akiona amepungua aje siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki, siwapi ushauri wa kujaza karatasi. Nchini Marekani, ambako waliangalia kumbukumbu za uzazi zaidi ya milioni 1.2 kati ya Machi 2020 na Septemba 2021, watoto waliozaliwa wafu walikuwa asilimia 1.26 kwa kina mama waliokuwa na UVIKO-19 wakati wa kujifungua na asilimia 0.64 kwa wasiokuwa nayo, na katika kipindi cha aina ya virusi iitwayo Delta hatari hiyo ilifika mara nne. Bado wengi mno walizaliwa salama, na ni haki mama aambiwe hilo pia. Lakini maradufu ya msiba mdogo, katika nchi ambayo msiba huo haukuwa mdogo tangu mwanzo, ni makaburi mengi.

Nimesema kwamba njia nyingine ya madhara ilikuwa maamuzi yetu, na sitaki kulipita hilo haraka. Katikati ya mwaka 2020, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, alijifungua mama mmoja mwenye mimba ya wiki 32. Alikuwa na kikohozi na homa, na oksijeni katika damu yake ilikuwa imeshuka kidogo. Majibu ya kipimo yalikuwa bado kurudi. Mtoto alikuwa na gramu 1,600, akilia vizuri. Tulimpeleka mtoto chumba kingine na mama tukamweka peke yake kwa siku 14, na karatasi ya kuagiza hivyo niliitia sahihi mimi. Mtoto alilishwa maziwa ya kopo. Mama alibaki na matiti yaliyojaa hadi yakauma, na hakuna aliyekwenda kumsaidia kuyakamua kwa sababu kila aliyeingia chumbani kwake alitaka kutoka upesi. Kila nilipopita mlangoni aliniuliza swali moja, “Daktari, mwanangu amekula?” Siku ya kumi na nne alipokabidhiwa mwanawe, maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto aliishi, namshukuru Mungu, lakini hakunyonya kamwe, na kabla ya kutimiza miezi sita alilazwa mara mbili kwa kuhara.

Tulifanya hivyo kwa nia njema na kwa woga, na hatukuwa peke yetu. Wachunguzi walipopitia miongozo ya nchi 17 walikuta theluthi moja ikielekeza mama mwenye korona atenganishwe na kichanga chake. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani, kuanzia miezi ya mwanzo ya janga, lilikuwa likisema kinyume: mama avae barakoa, anawe mikono, akae na mtoto wake na amnyonyeshe. Virusi hai vyenye kuambukiza havikuonekana katika maziwa ya mama. Kilichoonekana humo ni kingamwili za kupambana na virusi hivyo, kwa hiyo maziwa tuliyoyaacha yakauke yalikuwa ni sehemu ya dawa ambayo mtoto yule aliihitaji.

Na kwa mtoto njiti uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ambako sisi tunakuita huduma ya kangaruu, kunampa joto, kunamkaribisha kwenye ziwa na kunamkinga na maambukizi. Mwezi Machi 2021 watafiti, akiwamo Daktari Queen Dube wa Malawi, walitoa hesabu iliyotushtua wengi. Kama kila mahali mama na mtoto njiti wangeachwa pamoja katika huduma ya kangaruu, vichanga zaidi ya 125,000 wangeokolewa, wakati vifo vya vichanga ambavyo vingeweza kutokana na kuambukizwa korona na mama zao vilikadiriwa kuwa chini ya 2,000. Miezi miwili baadaye yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na hapa kwetu ilikuwa Muhimbili. Watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie kwanza, walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiri kwa utaratibu wa zamani walifariki asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima kundi la pili. Muhimbili walikuwa wakimweka mama kitanda kimoja na mwanawe katika wodi ya uangalizi maalumu, na sisi wengine, janga lilipofika, tulikuwa tukimfungia mlango.

Kulikuwa na milango mingine iliyofungwa. Nchini Kenya kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kila mkunga anajua kwamba uchungu wa uzazi hauangalii saa. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi jijini Nairobi, aligundua kwamba kina mama walikuwa wakipungua wodini usiku huku matatizo yakiongezeka, akaanzisha huduma ya teksi za bure kwa wajawazito, iliyowahi kusaidia kina mama wengi kufika hospitali. Nepal hawakuwa na bahati hiyo. Katika hospitali tisa zilizochunguzwa huko, idadi ya waliojifungulia hospitalini ilishuka kwa zaidi ya nusu wakati wa marufuku ya kutoka, na vifo vya vichanga vikapanda kutoka 13 hadi 40 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mama hakuhitaji kuugua korona ili mwanawe aathirike nayo.

Hapa kwetu palikuwa na jambo la nyungu, na nalisema kwa heshima, kwa sababu najua wengi walijifukiza kwa imani na kwa kukosa njia nyingine. Mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia mapafuni. Kwa mjamzito, kukaa ndani ya blanketi juu ya chungu cha maji yanayochemka kunapandisha joto la mwili, kunaweza kumwangusha kwa kizunguzungu na kumuunguza. Mjamzito mwenye homa anahitaji kupimwa oksijeni na kupimwa malaria siku hiyohiyo, kwa kuwa homa ya korona na ya malaria zinafanana mwanzoni na zote mbili zinashambulia kondo.

Kuhusu chanjo nina majuto ya aina nyingine. Majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za korona hayakuwashirikisha wajawazito, hivyo Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua uchanjaji tarehe 28 Julai 2021 na mjamzito akaja kumuuliza mkunga wake kama achanje, mkunga hakuwa na jibu la kumpa kwa uhakika. Ukimya huo ulijazwa na uvumi. Ushahidi ulikuja baadaye, nao uko wazi. Nchini Marekani chanjo aliyochomwa mama akiwa mjamzito ilihusishwa na kupungua kwa asilimia 61 kwa uwezekano wa kichanga wa chini ya miezi sita kulazwa kwa UVIKO-19, na kichanga wa umri huo hana chanjo yake mwenyewe anayoweza kupewa. Namna inavyofanya kazi si ngeni kwetu. Ndivyo tunavyomchanja mjamzito chanjo ya pepopunda ili kingamwili zake zivuke kondo na kumkinga mtoto tangu kitovu kinapokatwa, na hakuna bibi hapa ambaye bado anaikataa chanjo ya pepopunda. Shirika la Afya Duniani linaendelea kuwaweka wajawazito katika makundi yanayopaswa kupewa chanjo ya korona, ingawa dharura ya kimataifa ilitangazwa kuisha tarehe 5 Mei 2023, kwa sababu virusi havikuondoka siku ile.

Hata ile desturi yetu ya arobaini, mama na kichanga kukaa ndani siku arobaini huku wageni wakingojea, ni kinga ambayo wazee walitupatia na ambayo naona tunaanza kuiacha. Anayekohoa asimbebe mtoto. Hata akiwa shangazi aliyesafiri kutoka mbali, atasubiri.

Limebaki jambo la watoto wenyewe, ambao sasa wanakimbia. Huko Massachusetts nchini Marekani watafiti waliangalia kumbukumbu za watoto 7,772 waliozaliwa mwaka 2020, wakakuta kwamba kufikia mwaka mmoja, watoto waliokuwa na tatizo lililotambuliwa la ukuaji wa ubongo, kama kuchelewa kutembea au kutamka, walikuwa asilimia 6.3 kwa wale ambao mama zao waliambukizwa, na asilimia 3 kwa wengine. Jijini New York utafiti wa watoto 255 haukuona tofauti kati ya waliozaliwa na mama walioambukizwa na wasioambukizwa walipofika miezi sita, lakini uliona kwamba wote waliozaliwa katika janga walikuwa nyuma kidogo ya watoto waliozaliwa kabla yake. Matokeo hayo mawili hayajafunga mjadala, na mzazi yeyote hapa asirudi nyumbani akimtazama mwanawe kwa wasiwasi. Yanatuelekeza tuwafuatilie.

Ndiyo maana ombi langu kwa wauguzi wa kliniki ni dogo na ni la kazi. Mama anapojifungua, kama aliugua korona katika ujauzito, iandikwe katika kadi ya mtoto pamoja na umri wa mimba wakati alipougua, uzito wa kuzaliwa na kama mtoto alianza kunyonya siku ileile. Waliozaliwa mwaka 2020 wako shuleni sasa. Kadi zao nyingi hazina mstari huo. Mama zao wangali wanakumbuka, na leo wengine wamekaa kwenye viti hivi. Baada ya hapa nitakuwa kwenye meza ile karibu na mlango, nina kalamu, na yeyote aliyekuja na kadi ya mtoto wake wa miaka ile namkaribisha tuijaze pamoja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.